Namba ya Mama Roselida

Asekenye hakuwa mtu wa kubembelezwa. Ukimkuta asubuhi hajanywa chai, mpishe. Wenzake aliosoma nao kompyuta walikimbilia Nairobi, yeye akarudi kwao Malaba, akaajiriwa kutunza hifadhidata ya yadi ya malori. Walipomcheka kwamba amerudi kulea mashine mashambani, aliwajibu kwamba mashine haijui shamba wala mji. Yadi hiyo ilikuwa na geti moja la kutokea, na halikufunguliwa kwa mkono. Mfumo ulikagua lori, ukiridhika ukamtumia dereva ujumbe, ndipo chuma kikapanda. Mfumo ukinyamaza, lori linabaki pale pale, alie atakayelia.

Alhamisi hiyo, kwa lori moja, mfumo ulinyamaza.

Lori lenyewe lilitoka Uganda na matangi ya vifaranga vya ngege, samaki hai, pamoja na mtungi wa oksijeni wa kuwapa pumzi njiani. Mwenye mzigo alikuwa mzee Ogutu wa Budalang'i. Mafuriko yalikuwa yamefagia mabwawa yake yote, samaki wakaenda na mto Nzoia, naye akachimba upya kwa msaada wa majirani na kuagiza mbegu mpya. Alisimama mlangoni pa ofisi ya Asekenye, kofia mkononi. Hakufoka. Alisema tu kwamba mtungi unakaribia kuisha, jua linapasha matangi, na samaki wameanza kupanda juu kutafuta hewa. Asekenye angependa afoke, maana upole ule ulimchoma zaidi.

Mahali pa ugonjwa alipajua, chanzo hakukijua. Tangu Jumatatu yadi ilikuwa na sheria mpya: lori la wanyama hai lisitoke kabla mfumo haujapitia safari zote za nyuma za dereva, kuona kama kuna yenye zuio. Swali jepesi. Ila ndani ya hifadhidata kuna kitu tukiite mpanga njia. Yeye hajibu swali, anaamua tu lijibiwe kwa njia ipi, kwa kukisia data ni nyingi kiasi gani. Akidhani safari ni mbili tatu, atasema zifuatwe moja moja, kila moja ikafunguliwe faili lake la ukaguzi. Akidhani ni nyingi, atasema mafaili yote yasomwe kwa mkupuo mmoja, kisha yalinganishwe. Akikisia vibaya, umekwisha: mafaili elfu yakifunguliwa moja moja, jibu haliji leo. Kwa lori hili alikisia safari tatu. Asekenye aliamuru takwimu anazokisia nazo zihesabiwe upya. Zikahesabiwa, na mpanga njia akakisia tatu vilevile. Asekenye akamtukana kwa Kiteso, jambo ambalo halikusaidia kitu.

Ndipo akaitazama namba ya simu ambayo mfumo ulimtambulia dereva. Akaijua. Jana yake tu aliipigia kuagiza chapati.

Akaipiga tena. Mama Roselida, mwenye hoteli ya mabati inayotazamana na geti, akapokea huku sufuria zikigongana nyuma yake. Asekenye akamuuliza tangu lini anaendesha lori la samaki. Mama akacheka sana. Akaeleza kwamba dereva yeyote asiye na laini ya Kenya, awe Mganda, Mkongo au mtu wa Sudan Kusini, makarani wa geti humwandikia namba yake yeye, kwa kuwa wote wanakula kwake. Ujumbe ukiingia, yeye hupanda benchi na kuita jina. Ni hivyo miaka yote. Alishangaa kwamba Asekenye hajui, na kila mtu pale anajua.

Asekenye akahesabu namba ile ina safari ngapi. Zilikuwa maelfu kwa maelfu. Mpanga njia alikwenda na wastani: simu moja ni mtu mmoja, na mtu mmoja ana safari chache. Angejuaje kwamba pale getini kuna mama anayebeba madereva wa nchi tatu kwenye simu moja?

Dawa ilikuwepo. Inaitwa kiendelezi, programu ndogo unayoiambatisha kwenye hifadhidata ili imnong'oneze mpanga njia: kwa swali hili, pita huku. Asekenye alikuwa ameijaribu kwenye mashine ya mazoezi. Lakini Ojakol, mkuu wake, aliikataza, na Ojakol hakuwa mjinga. Alikofanya kazi zamani, fundi mmoja alimpa mpanga njia amri ngumu. Data ikabadilika, amri ikabaki, siku moja kila kitu kikaganda na Ojakol ndiye aliyefukuzwa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Asekenye akamwendea na kumweleza yote. Ojakol akatazama nje, malori mengine yakitoka getini bila shida.

"Hiyo kitu ikiangusha geti, malori yote yatasimama," akasema. "Na wewe utaenda nyumbani."

"Simpi amri, boss. Nampa ushauri, kwa swali hili moja tu. Nikiuondoa, anarudi vile alikuwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Na mgeni akikataa kutoka?"

"Nitamtoa mimi."

Ojakol hakusema ndiyo. Alimfuata hadi kwenye mashine yake, akavuta kiti akaketi nyuma yake, na Asekenye akakichukua kile kiti kuwa ndiyo. Akapakia kiendelezi. Kabla ya kuendesha swali aliomba kwanza aone njia iliyochaguliwa. Moja moja, kama mwanzo! Ushauri wake ulikuwa umepuuzwa kimya kimya. Mlangoni Ogutu akasema kwa sauti ya chini kwamba mtungi umeisha.

Asekenye alisoma ushauri wake neno kwa neno. Alikuwa ameuelekeza kwenye jedwali lingine, lile la mashine ya mazoezi. Akarekebisha, akaomba njia tena. Mkupuo mmoja. Akaendesha swali, na jibu likaja kabla hajaondoa kidole: hakuna zuio.

Lakini lori halikusogea. Okurut, dereva wake, hakuwemo, alikuwa amekwenda kusaka barafu ya kupoza matangi, na simu yake ya Uganda haikushika. Ojakol alikuwa ameshainuka kwenda kumtafuta waliposikia sauti ya Mama Roselida ikitoka ng'ambo ya geti.

"Okurut! Okurut wa samaki, lori lako limeitwa!"

Okurut akatokea mbio nyuma ya maduka, gunia la barafu begani, na chuma kikapanda.

Jioni Ogutu akapiga simu. Samaki wa tangi moja walikufa wote. Wa matangi mengine walikuwa bwawani, wanaogelea. Asekenye akalia kidogo, na ukimuuliza atakataa.

Kesho yake Ojakol akataka namba ya Mama Roselida ifutwe kote ilikoandikwa, kwamba hiyo ni data chafu. Asekenye akamuuliza jana ni nani aliyempata Okurut. Ojakol akaiacha namba, akaruhusu na kiendelezi kibaki, mradi ushauri wake ukaguliwe upya kila mwezi.

Mchana Asekenye akaenda kula. Mama Roselida akamwekea ugali mbele yake, akauliza kama ni kweli mashine ilikuwa haimjui.

"Ilidhani uko peke yako, mama."

Mama Roselida akayatazama mabenchi yake, yamejaa madereva hadi mlangoni.

"Na sasa?"

"Sasa nimeiambia."