Mabomba Meupe

Avram Tofan ni mwoga, na mwenyewe hakatai. Ujana na uzee wake ameumalizia akichungulia tanuru la kiwanda chetu cha mbolea, kusini mwa Romania, na hadi leo hafungui kidirisha cha ukutani kabla hajafanya ishara ya msalaba. Ole wako upige mluzi karibu naye. "Wewe, ukitaka kufa, kafie kwenu!"

Ndani ya tanuru yananing'inia mabomba marefu yaliyojaa vikokoto vya nikeli. Gesi asilia na mvuke vikipita humo katikati ya moto, hutoka vikiwa haidrojeni na monoksidi ya kaboni, na hapo ndipo mbolea yetu inapoanzia. Bomba likiwa jekundu, shwari. Likiwa jeupe, chuma kinalainika; kikipasuka na gesi imo ndani, hakuna atakayebaki kusimulia.

Woga wake ulizidi bintiye Ilinca alipoajiriwa chumba cha kuongozea mitambo, jirani na tanuru.

"Kazi zote zimeisha nchi hii?" mzee alifoka.

"Wewe mbona hujaacha?" Kichwa kigumu, kama baba yake.

Asubuhi moja ya mvua tulikuwa tunaliwasha tanuru baada ya matengenezo. Desturi yetu ni mvuke kwanza, kisha moto kidogo kidogo, na gesi mwisho, sindano inayopima joto la mvuke unaotoka mabombani ikishafika kwenye alama. Mimi, fundi wa pampu, nilikuwa nyuma ya Ilinca nikitafuna mkate na kitunguu. Sindano ikagoma.

"Baba, bado imelala," Ilinca alisema kwenye simu ya upepo. "Ongeza moto."

"Nimeongeza sasa hivi."

"Ongeza tena. Au unaogopa?"

"Naogopa, ndiyo! Haya, naongeza."

Tukacheka. Siku hiyo mzee alikuwa bado hajachungulia. Mvua ilikuwa inamchapa, na sindano ilisomwa na mwanawe, ambaye alimwamini kuliko macho yake. Ilinca naye hakuuliza, maana baba yake huchungulia hata pasipo na moto. Kumbe valvu ya mvuke ilikuwa imekwama. Mvuke uliopita ulikuwa haba mno kuipasha sindano, na moto ukawa unachoma mabomba makavu.

Hatimaye sindano ikajiburuta hadi kwenye alama. Ilinca akapeleka mkono kwenye kitufe cha gesi.

"Usifungue!" Simu ililia kwa sauti nisiyoitambua; mzee alikuwa amekifungua kidirisha. "Mwanangu, usifungue gesi! Meupe! Yote meupe!"

Nilitupa mkate. Dirishani tulimwona Avram akikimbia kando ya ukuta wa tanuru, akifunga vichomeo kimoja kimoja kwa mkono, kwani tanuru letu ni la zamani.

"Baba, toka hapo!"

"Toka wewe kwanza!"

"Nikitoka, nani atailinda gesi?"

Hakuna aliyetoka. Miguu yangu iliutaka mlango; nilibaki kwa aibu tu.

Mabomba yalipopoa tulikuta mengine yamepasuka, nyufa za kuingiza kidole. Ilinca aliuangalia mkono ule uliofika kwenye kitufe, akauficha mfukoni.

Tangu siku ile haiamini sindano. Kabla ya kufungua gesi hutoka mwenyewe kwenda kuchungulia, na baba yake hukaa kitini pake, mikono kaibana mapajani, macho mlangoni.

"Amerudi?" huniuliza.

"Bado, mzee. Ndiyo kwanza ametoka."