Nilimchora Mama Mkwe Bila Kumtazama

Makosa ni yangu. Nayasema mapema ili msomaji asipoteze wakati wake akitafuta wa kumlaumu. Shetani hakuwapo, wala marafiki wabaya hawakuwapo. Nilikuwapo mimi, penseli yangu, na mbuzi mmoja beberu.

Miaka ya sabini ilipokuwa ndiyo kwanza imeingia, nilikuwa kijana wa kupima majani ya chai katika kituo kimoja upande wa Itumbe, kwetu Kisii. Kazi yangu ilikuwa kutazama mshale wa mizani na kusikiliza matusi ya wakulima. Lori la kiwandani likichelewa, na lilichelewa karibu kila siku, nilichukua penseli nikachora yeyote aliyeketi mbele yangu juu ya gunia lake.

Nilichora nilichokiona. Mwenye shingo fupi alipata shingo fupi. Nikimaliza nampa karatasi yake, anacheka, anaikunja, anakwenda nayo nyumbani. Hakuna aliyenilipa, na hakuna aliyenilalamikia. Laiti ningeishia hapo!

Kulikuwa na mwenye duka mmoja pale Keroka, Bwana Kanji, Mhindi mpole aliyeuza vitambaa, taa za chemni na fremu za vioo. Siku moja niliacha kwake picha ya mzee mmoja wa sokoni. Akaitia kwenye fremu, akaitundika dirishani. Wiki iliyofuata akaniita.

"Watu naulizia wewe," akaniambia. "Wewe nachora, mimi nauza fremu. Iko shida gani?"

Sikuona shida. Shida ilikuwa imesimama hapo hapo mbele yangu, nikaisalimia kwa mkono.

Basi kazi zikaanza kuja. Mmoja alitaka tai ambayo hakuwa nayo. Nikampa. Mwingine alitaka saa ya mkononi, na mikono yake haikuwamo hata kwenye picha, ikabidi nimwinulie mkono mmoja hadi kidevuni kama anayeumwa na jino. Mzee mmoja alikuwa na jicho moja, akasema kwa kuwa analipia, angependa mawili. Nikampa la pili. Akashukuru, akasema linamfaa.

Nilikuwa nimeacha kuchora nilichokiona. Sikugundua. Nilikuwa nimenunua viatu vipya, na mtu mwenye viatu vipya hutazama chini muda mwingi.

Halafu likanipata la yule mtu wa kutoka Nyamira. Alifika dukani akamwambia Bwana Kanji anataka picha ya baba, ambaye amekufa. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Bwana Kanji akaniletea agizo: "Baba yake nakufa. Uso duara, macho ya pole, mrefu kidogo." Nikachora mzee wa haja, na koti, na masharubu mazuri sana, hata leo nayakumbuka masharubu yale.

Mwenye picha akaja, akatazama, akaniuliza, "Huyu ni nani?"

Wasomaji wa kwingine huenda hamjui. Kwetu Wagusii, "baba" ni mama. Baba mwenyewe tunamwita "tata". Yule mtu alikuwa amefiwa na mama yake, na mimi, Mgusii wa kuzaliwa na kulelewa, nilikuwa nimemwotesha mama wa watu masharubu!

Nikamwambia ngoja kidogo. Nikaingia nyuma ya duka, nikafuta masharubu, nikamfunga mzee kitambaa kichwani, koti likawa shuka. Nikatoka nayo. Yule mtu aliishika picha kwa mikono miwili, machozi yakamtoka.

"Ni yeye," akasema. "Ni yeye kabisa."

Machozi yale ndiyo yaliyoniangamiza. Nilirudi nyumbani nikijua kwa hakika kwamba ninaweza kumchora mtu yeyote, niwe nimemwona au sijamwona. Kiburi kikaniingia, na kilipoingia kikafunga mlango.

Sasa nije kwenye dhambi yenyewe.

Mke wangu ni Kemunto, kwao ni Manga, juu kule ukingoni. Mama yake alikuwa mjane aliyewalea watoto kwa ndizi na wimbi, Msabato wa kweli, ambaye Jumamosi hata sufuria hakuisugua. Mwaka ule miguu yake ilikuwa imevimba, hatembei tena mbali ya ua wake. Hakuwa amewahi kupigwa picha maishani mwake. Kipande, yaani kitambulisho chenye picha, hakuwa nacho, maana siku hizo vipande vilikuwa vya wanaume.

Shemeji yangu Ondieki, kaka yake Kemunto, alinijia kituoni siku moja. Alisema kuna mpiga picha wa Kisii mjini anayekuja Keroka siku za soko na kamera ya miguu mitatu. Walikuwa wamekubaliana apande Manga ampige mama akiwa bado hai. Alitaka tu kuniuliza kama yule mtu ni mwaminifu.

Alikuwa mwaminifu. Nilimfahamu. Ningejibu "ndiyo" tu, habari hii isingekuwapo.

Badala yake nikasema, "Ya nini kuhangaika, shemeji? Picha ya kamera hufifia. Mimi nitamchora."

Ondieki akauliza, "Wewe? Si huyo ni mama mkwe wako?"

"Niachie mimi."

"Na chinsoni je?"

Chinsoni ndiyo heshima yetu ya ukwe, heshima iliyochanganyika na haya. Mkwe hampi mama mkwe mkono. Hali chakula naye. Wakikutana njiani, mmoja huingia shambani mwingine apite. Na zaidi ya yote, hamkodolei macho usoni. Nilikuwa nimeoa miaka kadhaa, na katika miaka hiyo yote uso wa mama mkwe wangu sikuujua. Niliijua miguu yake. Kama Ondieki angeniomba miguu, leo ningekuwa mtu wa kusifiwa Manga nzima.

"Nina njia zangu," nikamwambia.

Akasema basi, kama ni hivyo, kazi ni kazi, hawezi kunipa ya bure. Akaniletea beberu. Mzee wangu alipomwona yule mbuzi uani, akauliza ametoka wapi. Nikamwambia ametoka kwa wakwe.

"Mbuzi hutoka hapa kwenda kule," mzee akasema. "Nani amemgeuza?"

Hata Bwana Kanji, ambaye faida ya fremu ilikuwa yake, hakufurahi nilipomweleza. "Mimi nauza kitambaa kwa kila mtu," akasema. "Mkwe yangu nakuja, mimi napa yeye. Hapana uza. Kama hapana weza pa yeye, nasema hapana iko." Nikamwambia yeye ni Mhindi, hajui mila zetu. Yaani mimi nilimwambia hivyo!

Mbuzi tulimla Jumapili. Tangu hapo sikuweza kukataa tena, maana aliyekula hakatai.

Njia zangu zilikuwa hivi. Nilimketisha Kemunto mlangoni penye mwanga, nikamwambia anieleze mama yake, mimi nichore nikimsikiliza.

Alifurahi mno. Sijawahi kumwona akizungumza namna ile. Akasema, "Paji lake ni pana, lakini si pana la kuchusha. Hapa kwenye shavu pana kama kishimo, si kishimo cha kucheka, ni cha kuumwa alipokuwa mtoto. Akikutazama, jicho moja hutangulia, halafu la pili linafuata." Nikasema ehe. Nikauliza jicho lipi. Akafikiri, akafumba macho, akasema la kushoto.

Nitawezaje kuchora jicho linalotangulia? Sikuweza! Fundi wa kweli angeweka penseli chini akasema hawezi. Mimi nilikuwa nimekula mbuzi. Macho yangu yakatafuta kitu cha kushika, na kitu pekee kilichokuwa mbele yangu kilikuwa uso wa msimulizi. Nikamchora yeye. Nikamtia mikunjo, nikampa mvi, nikamning'inizia ngozi kidogo shingoni. Kila alichosema nilikisikia, nikaitikia, nikachora kingine.

Sikumwonyesha mpaka ilipoingia kwenye fremu. Aliipokea akaisogeza kwenye mwanga.

"Inafanana," akasema.

Siku hiyo nililichukua neno hilo kama sifa. Sikumwuliza inafanana na nani.

Ondieki aliipeleka Manga. Majirani wakaisifu, kwani picha iliyolipiwa mbuzi haisemwi vibaya mbele ya aliyemtoa. Mama mkwe mwenyewe alisogezewa, macho yake wakati huo yamekwisha kuingia ukungu, akakipapasa kioo kwa vidole. Ondieki alinisimulia alichosema.

"Mkwe aliniona wapi?"

Watu wakacheka sana, wakadhani mama anatania. Mimi niliposimuliwa nilicheka pia. Ee Mungu, nilicheka!

Yule mpiga picha hakuitwa tena. Kulikuwa na haja gani?

Mama alifariki mvua kubwa zilipoanza. Tukapanda Manga na matope yake. Jeneza likawekwa uani, na juu yake wakaiweka ile picha, imefutwa vumbi, ina maua kila upande. Mchungaji akahubiri. Nilikaa na wakwe wengine nikajiona mtu wa maana, kwa sababu kila aliyekuja kutoa heshima za mwisho alisimama mbele ya kazi yangu.

Shangazi yao aliyeolewa mbali, upande wa Sotik, akachelewa kufika. Alikuwa ameambiwa kuna msiba nyumbani, mjumbe hakumweleza vizuri ni wa nani. Akaingia uani mbio, akaiona picha, akajitupa chini.

"Kemunto! Kemunto weee! Umetutangulia, mwanangu!"

Kemunto alikuwa ameketi hatua chache kutoka kwake, mzima.

Waliokuwa wameketi wakasimama. Kwetu mtu akililiwa angali hai si jambo la mzaha. Wanawake wakamwinua shangazi, wakamgeuza, wakamwonyesha mwanawe. Shangazi akamtazama Kemunto, akaitazama picha, akamtazama Kemunto tena. Watu wote uani wakafanya vivyo hivyo, vichwa vinakwenda na kurudi. Kisha wote wakanitazama mimi. Nami nikatazama chini, jambo ambalo nilikuwa na uzoefu nalo.

Kemunto alimfuta shangazi matope. Alisubiri tukazika, tukarudi, akaweka maji jikoni. Ndipo akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Ulimwona hata mara moja?"

Nikasema hapana.

"Na mimi nilipokuwa nikikueleza?"

"Nilikuwa nikikutazama wewe," nikasema. Mtu mwingine angeweza kulipamba jibu hilo likawa la mapenzi. Mimi kwa aibu niliinuka nikaongeza kuni motoni.

Nilitafuta mbuzi mwingine, mkubwa kuliko yule, nikampeleka Manga. Ondieki hakumfungua kamba. "Sitaki mbuzi," akasema. "Nataka uso wa mama."

Tukautafuta pamoja, mimi na yeye, bila kusemezana sana. Kanisani kulikuwa na picha moja ya kikundi cha akina mama. Mama yumo, mstari wa nyuma, kofia ya mwenzake imemfunika mpaka kwenye nyusi, na chini ya nyusi kuna bega la mtu. Tukaenda Kisii kwa yule mpiga picha, akatutolea picha zake zote za soko la Keroka. Katika moja kuna mwanamke amebeba ndizi. Ondieki anasema ni yeye. Ameipa kamera mgongo.

Mpiga picha akasema, "Mngeniita tu. Ningepanda." Hakujua alikuwa anamwambia nani.

Nilifikiri mke wangu atanifukuza au ataondoka. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alipika, alichuma chai, alizaa. Picha ilirudi kwetu kwa sababu Manga hawakuitaka, ikakaa ukutani muda, kisha nikaishusha nikaichoma, nikadhani nimemaliza.

Jioni moja tulikuwa tunapepeta wimbi, akaacha ungo magotini.

"Nikifumba macho nimtafute baba," akasema, naye kwa Kigusii chetu alimaanisha mama yake, "anakuja yule wa kwenye fremu. Ana uso wangu. Yule wangu simpati tena."

"Nimeshaichoma," nikamwambia.

"Najua umeichoma. Bado anakuja."

Ndipo nilipoelewa nilichofanya. Sikumnyima picha tu. Alikuwa na mama yake kichwani, mzima, na jicho lake linalotangulia, akanieleza kwa imani, nami nikamfutia kama nilivyofuta yale masharubu.

Penseli nilimpa mtoto wa jirani. Kupima chai niliendelea, kwani mshale wa mizani hauna mkwe.

Wewe unayechora kwa kujifurahisha na watu wameanza kukuambia ulipishe, sikukatazi. Fundi hulipwa, na viatu ni kitu kizuri. Ila ujue siku unapopokea malipo unauza pia ruhusa ya kusema "siwezi", na hiyo hutarudishiwa hata kwa mbuzi mkubwa kiasi gani. Chora wageni. Jamaa zako wachore bure, au usiwachore kabisa.

Na akikujia mtu anataka uso wa mzazi wake, umekwisha kuambiwa kamera iko njiani, tafadhali mwache apite! Mimi nilimzuia shemeji yangu njiani kwa maneno matamu, na leo mke wangu hana mama hata wa kumwota.