Niliwafuta Tumbili Wasiniharibie Bango

Mimi ndiye mkosaji. Simlaumu mtu wa mtandao, wala kompyuta yangu kuukuu, wala shetani, maana shetani hana subira ya kuchagua rangi ya samawati kama mimi.

Ninaishi Kiamunyi, hapa Nakuru, na auntie yangu aliyenilea. Kutengeneza mabango nimejifundisha mwenyewe, na nina ugonjwa wa kutaka kila kitu kiwe safi. Nukta ikikaa vibaya, hata chakula hakipiti.

Vijana wa kanisa letu waliniomba bango la siku ya afya. Nilikuwa nimesoma kuhusu chanjo ya virusi vya Ukimwi ambayo bado inajaribiwa, iliyowakinga tumbili wote waliopewa katika maabara fulani. Nikaandika hivyo. Kisha nikaliangalia hilo neno tumbili, roho ikasononeka. Huku kwetu tumbili ni mwizi wa mahindi! Watu wangecheka, na kazi yangu ingekuwa kichekesho.

Nikalifuta. Bango likabaki: "Chanjo mpya ya Ukimwi yawakinga wote waliopewa." Lo, mistari ilivyonyooka! Nikajipikia chai ya kujipongeza.

Auntie ameishi na virusi hivyo tangu nikiwa mdogo, na kila asubuhi humeza dawa zake. Alilisoma bango, akalisifia kwa majirani wote. Mimi nikavimba kichwa.

Wiki chache baadaye tulikuwa tukipanda sukuma wiki nyuma ya nyumba. Akanipa mbegu. Zilikuwa ndani ya kikopo chake cha dawa.

Nikamuuliza dawa ziko wapi. Akasema aliziacha, zilikuwa zikimsumbua tumbo, na sasa anangoja chanjo ifike Nakuru.

"Si wewe mwenyewe uliandika?"

Mbegu zilinimwagikia miguuni. "Auntie, waliopewa walikuwa tumbili. Na hata kwao, chanjo hiyo ni ya kumkinga ambaye hajaambukizwa. Haiponyi."

"Mbona hukuandika ni tumbili?"

"Niliogopa watu watacheka."

Akainama kuokota mbegu. "Wangecheka, na mimi ningekuwa nimemeza dawa."

Kesho yake nilimsindikiza kliniki. Virusi vilikuwa vimepanda. Daktari alimrudisha kwenye dawa, akasema tungoje kuona kama bado zitamfaa.

Jumapili nikasimama mbele ya kanisa, nikakiri kwamba waliokingwa ni tumbili. Walicheka, tena sana! Bango lenyewe nimelichana, na rangi yake, najua mtashangaa, bado inaniuma.

Wewe unayesambaza habari za dawa mpya, usione haya kumtaja mnyama. Na wewe unayezisoma, uliza kwanza zimefaulu kwa nani, kabla hujakiacha kikopo chako cha dawa.

Vipimo vipya vya auntie bado havijatoka. Ila kila asubuhi auntie ananiita nikiwa jikoni, "Wee tumbili, leta maji." Nakimbia na kikombe, maana siku akiniita hivyo ni siku amemeza.