Shina Moja la Nduma Katikati ya Matete

Umande haujakauka, na Nzisa Mbaluka yuko ndani ya tope hadi magotini. Anachomeka tete changa, anakandamiza mizizi kwa kisigino, anasonga mbele. Ukingoni, mama mkwe wake, Kanini, anatoa amri zisizokwisha.

"Hapo umepanda juu juu! Mvua itabeba!"

"Nimesikia, Mama," Nzisa anajibu, akicheka chinichini.

Hapa ni nyuma ya viwanda vya Thika, ambapo kijito kinaingia kwenye kinamasi kabla ya kuteremka hadi chemchemi ya mtaa wa Bondeni. Juu kuna mabomba ya maji machafu ya kiwanda cha kutia vitambaa rangi. Chini kuna watu wasio na mfereji hata mmoja, na hayo ndiyo maji yao. Nani alipanga iwe hivyo? Si watu wa Bondeni.

Nzisa, mwenye miaka 41, hufagia kiwanda hichohicho. Zamani matete yalichuja uchafu. Kisha ukame wa mwanzoni mwa miaka ya tisini ukabisha hodi, na akina mama wa Bondeni wakayang'oa, wakagawana kinamasi kuwa vitalu vya nduma, yaani magimbi. Nduma zilinona ajabu.

"Tulijiona wajanja," anasema Nzisa. "Kumbe tumeng'oa mlango wa nyumba yetu wenyewe."

Siku moja Kagwe, muuzaji wa sokoni, alimrudishia gunia zima. Alikuwa amechemsha nduma moja, maji ya sufuria yakageuka buluu.

"Mama, hizi zako zimevaa yunifomu ya shule," alimwambia.

Watu walicheka. Nzisa hakucheka, maana kitinda mimba wake alikuwa nyumbani akiharishwa na maji ya chemchemi hiyo.

Ndipo akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba akiomba vitalu virudishiwe matete. Alianza na chake. Halafu akamwendea meneja wake, akijua fika anaweza kufutwa kazi.

"Nilimwuliza, sisi tunatoa chakula chetu, nyinyi mnatoa nini?"

Kiwanda kiliahidi kuchimba bwawa la kutuliza maji machafu, na mwaka huu wa 1998 kazi imeanza. Mwanamke huyu ana moyo, jamani!

Kikwazo kilibaki nyumbani. Kitalu cha Kanini ndicho kilichokaa mdomoni mwa kijito; bila hicho, uchafu ungepita tu. Kanini alikuwa amekilima akasomesha wajukuu wanne. Alikataa katakata, akawa anakula chakula cha mkaza mwana wake bila kumsemesha.

"Iliniuma sana," Nzisa anasema. "Huyu ndiye alinifundisha kulima hapa."

Wiki iliyopita, alipoona bwawa linachimbwa kweli, Kanini alitokea na jembe lake, akaanza kung'oa mwenyewe. Alipofika shina la mwisho, mkono ulikataa. Akasimama pale matopeni akilia.

"Hilo tuliache, Mama," Nzisa akamwambia.

Sasa shina hilo liko peke yake katikati ya matete. Bwawa likikamilika na mvua mbili zikipita, Nzisa atalichimba na kulichemsha mbele ya Bondeni nzima, kila mtu ajionee maji ya sufuria.

Na yakibaki meupe? Kabla Nzisa hajafungua kinywa, Kanini anadakia kutoka ukingoni.

"Wa kwanza kula ni mimi. Wa pili ni huyo meneja, na akae hapa kando yangu nimwone akimeza."