Nani Atangulie Kwenye Barafu

Asubuhi ile nilitoka Ibra, huku Oman, kwa sababu moja tu: pikapu yangu ilikuwa na mafuta. Mimi ndivyo nilivyo. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo nikiona njia nisiyoijua mwisho wake, naona bora niende nikaulize. Nilizunguka Mudhaibi, nikanywa chai ya maziwa kwenye kibanda cha Mhindi mmoja, kisha nikashika barabara kuu. Adhuhuri nilikuwa Fanja.

Fanja anakaa Ami Nasor, binamu wa marehemu baba yangu, mzaliwa wa Wete, Pemba, mpima ardhi mstaafu. Nilimkuta sebuleni amenuna, tiketi mbili mbele yake. Mwaka mzima kabla ya hapo alikuwa amelipia safari ya meli kwenda kwenye barafu ya kusini kabisa mwa dunia, yeye na mkewe, Bi Thuwaiba. Na asubuhi hiyohiyo Bi Thuwaiba alikuwa ametangaza kwamba haendi.

"Mimi hata friji naifungua na kanga begani," aliniambia, akinimiminia kahawa. "Mchukue huyu, Nasor. Kazi hana, na baridi haimjui."

Ami alinitazama kama anayepima kiwanja cha bei rahisi. Kisha akanieleza. Shuleni kwao Wete kulikuwa na ramani ya dunia ukutani, na mwalimu alikuwa ameigongomelea msumari katikati ya lile bara jeupe la chini. Ami akajiwekea nia kwamba atayakanyaga mabara yote. Sita ameshayakanyaga. Lililobaki ni lile la msumari. Goti lake la kulia lilikuwa limekwisha, daktari wa Nizwa alikuwa amempangia upasuaji akirudi, na alimwambia wazi kwamba baada ya hapo mambo ya kupanda na kushuka mashua ayasahau. Ilikuwa safari hii au basi.

Nilikubali kabla kahawa haijapoa. Aliponiambia nilale kwake tupange mambo, nilijibu, "La, nashukuru, nitalala garini." Kwetu ndivyo: mgeni hukataa, mwenyeji hushikilia, mgeni hukataa tena, mwisho mwenyeji huapa. "Wallahi hulali garini," alisema Ami, na mambo yakaisha hapo, maana mtu akishakuapia ukamkatalia, kiapo chake umekivunja wewe lakini kafara italipwa na yeye: alishe masikini kumi, na kama hana cha kuwalisha, afunge siku tatu. Wapo watu wasioujua mchezo huu. Mimi nimelala garini mara nyingi kwa kumwambia "la" mtu aliyeniamini.

Baada ya wiki kadhaa za viza tuliruka kutoka Maskati, na siku ya pili tukafika Ushuaia, mji wa mwisho wa Argentina. Desemba ile wenyeji walisema ni kiangazi. Mimi nilivaa suruali mbili. Ami alivaa kanzu, juu yake sweta mbili, juu yake koti jekundu tulilopewa na watu wa meli, na kofia yake ya kushona ikakaa chini ya ile ya sufu. Mle melini abiria walitaka kupiga naye picha kuliko walivyotaka kuipiga bahari.

Siku mbili za kuvuka bahari ya Drake sizikumbuki vizuri. Nakumbuka ndoo. Nakumbuka pia sauti ya Ami kutoka kitanda cha pili. "Bi Thuwaiba ana akili," alisema. Baadaye kidogo akaongeza, "Hilo usimwambie."

Asubuhi ya siku ya tatu bahari ilitulia, na dirishani likapita jabali la barafu, refu kushinda msikiti wowote nilioingia. Nilidhani barafu ni nyeupe. Ile ilikuwa na buluu ndani ya nyufa zake, buluu ya nili ambayo mama alikuwa akitilia kanzu za Ijumaa. Tulikaa juu ya sitaha mpaka vidole vikakataa kufungua vifungo.

Kiongozi wetu, mama wa Kinorwe aitwaye Marit, alitupa masharti. Viatu visuguliwe kwa brashi kabla ya kushuka. Chakula hakitoki melini, hata tende moja. Pengwini akija, njia ni yake: simama, mpishe. Siku mbili tukashuka visiwani kwa mashua za mpira. Pengwini walikuwa maelfu, na harufu yao ilikuwa ya papa mkavu sokoni Sur. Mimi nilikuwa kama mtoto. Ami alikaa juu ya jiwe akiliminya goti lake. Nilimwuliza kama anafurahi.

"Kisiwa ni kisiwa tu," alisema. "Mimi Mpemba."

Siku ya tano meli ilitia nanga mbele ya bara lenyewe. Ami aliamka kabla ya kila mtu, akajitia uturi, akawa wa kwanza kwenye foleni ya ngazi. Chini, baharia wa Kifilipino alikuwa amenyoosha mkono. Hatua moja. Na pale Ami akageuka nyuma, akawaona bibi na bwana wa Kiholanzi, akawaambia, "Tafadhali, nyinyi kwanza."

Waholanzi hawakukataa mara mbili. Hawakukataa hata mara moja. Waliingia, na waliokuwa nyuma yao wakafuata, mashua ikajaa, ikaondoka.

Ya pili ikaja. Ami akaniambia, "Haya, mwanangu, mbele."

"Haiwezekani, Ami. Wewe mkubwa."

"Na wewe mgeni wangu. Nimekuleta mimi."

Alisema kweli, na mimi pia nilisema kweli, na hapo ndipo palipokuwa na taabu. Nilirudi hatua moja, naye akarudi moja. Baharia alitutazama kama watu wanaocheza ngoma. Mawimbi yakaanza kuinyanyua mashua juu ya ngazi, redio ya Marit ikapiga kelele, upepo umegeuka, mashua zote zirudi. Wale Waholanzi walirejea na theluji kwenye soli. Sisi tulirudi chumbani, na Ami akavua koti, akalitundika, akakaa akiitazama kofia yake. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Asubuhi ya siku ya sita Marit alikuja mwenyewe mezani kwetu. Kabla ya kugeuza meli kulikuwa na saa moja ya utulivu. Waliokosa jana ndio watakaoshuka, mashua ni moja, haitarudi mara ya pili. Alitutazama sisi wawili zaidi ya wengine.

Kwenye ngazi nilimwona Ami anaanza kugeuza shingo. Nilimjua. Kabla mdomo wake haujafunguka nikafanya jambo ambalo mdogo hamfanyii mkubwa.

"Wallahi, Ami, unatangulia wewe."

Alinigeukia. "Umeniapia mimi?"

"Nimekuapia. Na masikini kumi sina cha kuwalisha, unanijua. Itanibidi nifunge."

Ami alilitazama jua, ambalo huku lilikuwa likizama karibu na saa sita ya usiku na kurudi kabla sufuria ya wali haijapoa. "Siku tatu, huku?" alisema. "Utanifia." Akampa baharia mkono, akaingia.

Pwani ilikuwa ya mawe meusi, kisha theluji. Ami alishuka, akasimama, akabonyeza kisigino chini mara mbili kama anayepima ardhi kabla ya kuweka kigingi. "Hapa," alisema.

Mara pengwini mmoja akashuka mlimani, kifua mbele, moja kwa moja kwetu. Tukasimama kama tulivyoagizwa. Naye akasimama. Ami akarudi nyuma kwa goti lake bovu, akanyoosha mkono kama aliye mlangoni kwake Fanja. "Tafadhali," akamwambia.

Pengwini akapita. Hakugeuka.

Ami alicheka mpaka akanishika bega. "Umemwona? Kakaribishwa, kapita. Sisi jana yametushinda."

Mwezi wa pili Ami alipasuliwa goti, na Bi Thuwaiba akanihakikishia kwamba sasa anamsumbua kwa miguu miwili. Asubuhi moja pikapu ilikuwa na mafuta tena. Alasiri nilivuka daraja la Sur, nikaingia Aija, ambako sikuwahi kulala. Mbele ya nyumba moja kuukuu ya wafanyabiashara, mzee alikuwa akirekebisha bomba la maji. Nilimwamkia kwa Kiswahili, naye akaitikia kwa Kiswahili kizuri cha Unguja. Akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia pa kulala.

"Chumba cha juu kitupu," alisema. "Karibu, pita."

Lile "la, nashukuru" lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Nikachukua mkoba, nikampita mlangoni. Nyuma yangu nikamsikia akimwambia mkewe, kwa mshangao, kwamba jamaa huyu hata hakukataa. Nilikuwa nimeshavua viatu.