Niliyoyasikia Kichuguuni

Tarehe kumi na moja Juni 2020, siku ya Alhamisi, tulimpoteza shemeji yangu, mke wa kaka yangu mkubwa. Watu wa kwetu Marungu husema aliuawa na dawa za simu. Si kweli. Aliuawa na kaka yangu kwa mchi, na mimi ndiye niliyempa sababu.

Shule niliachia darasa la nane. Nitasema nilichoona tu.

Kwetu netiweki haishiki nyumbani. Inashika juu ya kichuguu kilicho nyuma ya malisho. Ukitaka kupiga simu unapanda, unasimama, unazungumza. Wengine wanangoja chini, kwenye miba, mpaka umalize. Hakuna aliyetufundisha, lakini kila mtu anajua kwamba unayoyasikia pale huondoki nayo. Nimemsikia mzee mmoja pale akimbembeleza mwanamke asiye wake, na jioni tukasalimiana kama kawaida.

Mwaka ule wa korona kaka alirudishwa nyumbani kutoka hoteli ya mbugani alikokuwa mpishi, kwa kuwa watalii hawakuja. Zamani alikuwa akimpiga mkewe akija likizo. Sasa likizo haikuisha. Mwezi wa Mei alimvunja kidole kwa sababu ya ugali uliopoa. Mimi na mama tulikuwa tunakaa boma hilo hilo. Tulikuwa tunaongeza sauti ya redio.

Jumatano, siku moja kabla, nilipeleka mbuzi malishoni nikamkuta shemeji juu ya kichuguu. Simu yake ilikuwa mulika mwizi iliyoharibika, haisikiki mpaka uweke spika. Aliponiona aliifunika kwa kiganja.

"Shem, hao mbuzi wana haraka ya kwenda wapi? Kanisani?"

"Kanisa limefungwa."

"Basi wangoje, kama sisi wengine."

Nilicheka, nikashuka. Lakini sikwenda mbali. Jua lilikuwa kali, zamu yangu ya kupiga simu ilikuwa inachelewa, na nilikuwa nimekasirika kidogo. Nikasikiliza.

Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya muuguzi wa kliniki moja mjini Voi. Wakati ule walikuwa wanahudumia watu kwa simu.

"Upasuaji wa kujifungua ulikuwa lini, dada?"

"Novemba."

"Na daktari alikuambia nini?"

"Nisishike mimba tena kabla ya miaka miwili. Kidonda kinaweza kupasuka ndani, nife. Nilimwambia bwana. Hakusikia."

"Unataka tukusaidie kuitoa?"

"Nataka. Nina watoto watatu."

Muuguzi alimwambia kwamba maisha yake yakiwa hatarini sheria inaruhusu, na kwamba angezungumza na daktari. Dawa zipo, alisema, lakini kwa kidonda kile ni lazima aonekane Voi kwanza, hata mara moja. Ampigie kesho saa nne wapange usafiri.

"Kuna mtu wa kukusindikiza?"

"Yupo shemeji yangu, mdogo wake bwana. Huyo si mbaya."

Hayo nayo niliyasikia.

Alhamisi asubuhi mimi na kaka tulikuwa tunakata miba ya ua. Alikuwa ananichokoza, kama kawaida yake tangu akose kazi.

"Wewe utachunga mbuzi mpaka uzae mbuzi. Hata mambo ya boma hili huyajui."

"Nayajua kukushinda."

"Unajua nini, wewe?"

Nikamwambia. Sikusema kwa ajili ya mtoto, wala kwa ajili ya Mungu. Nilisema ili anione mtu.

Aliliangusha panga, na mimi nikamshukuru Mungu kwa hilo. Nilidhani yatakuwa makofi.

Shemeji alikuwa anatwanga mahindi, mtoto mdogo amekaa kwenye gunia kando yake. Kaka alimuuliza, "Saa nne unampigia nani?" Shemeji hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Kaka akamnyang'anya mchi. Alimpiga begani, akampiga tumboni. Shemeji alipoanguka, kaka aliutupa, akaendelea kwa mateke, na alikuwa amevaa gambuti. Kila teke lilikuwa na neno lake. Muuaji. Malaya. Unaniulia mtoto. Mama alitoka jikoni akasimama mlangoni, akasema, "Basi, baba, utachoka."

Mimi nilimchukua mtoto nikageuka. Hilo ndilo nililofanya.

Kaka alipoacha, damu ilikuwa imefika kwenye mahindi. Nilimpa mama mtoto, nikakimbia kumwita mtu wa bodaboda. Tulimpakia shemeji katikati, mimi nyuma nikimshikilia. Kabla hatujafika barabara kuu nilihisi uzito wake umebadilika. Mtu wa boda alisimama, akamwangalia, akasema, "Ameenda huyu." Suruali yangu ilikuwa imelowa mpaka kwenye viatu. Tuligeuza.

Mama ndiye aliyesema tuseme amemeza dawa alizoagiza kwa simu. Chifu aliandika hivyo.

Tulimzika Jumamosi, watu wachache tu, kila mmoja na barakoa yake. Kaka alilia, na nadhani alilia kweli. Alisema mkewe alinunua kifo kwa simu. Watu wakatikisa vichwa. Wazazi wa shemeji walikuwa wametoka Mboghoni. Mama yake alinifuata nilipokuwa nimeshika koleo.

"Mwanangu, hizo dawa alizimeza saa ngapi?"

"Hakumeza dawa, mama. Hazikufika. Alipigwa na kaka. Na ni mimi niliyempelekea maneno."

Alivua kiatu akanipiga nacho usoni. Alinipiga mpaka barakoa ikakatika na pua ikatoka damu. Sikukinga. Mumewe alimshika mkono.

"Mwache. Ukimpasua mdomo atasemaje?"

Mchana ule ule mzee huyo alinipeleka polisi Voi. Askari aliniuliza nilikuwa wapi shemeji akipigwa.

"Hapo hapo."

"Umbali gani?"

"Kama kutoka hapa hadi mlango huo."

"Ukafanya nini?"

"Nilimshika mtoto."

Aliinua kichwa, akanitazama, kisha akaandika. Nikatia sahihi.

Jumatatu walikuja na gari. Kaka hakupigana nao. Alipofungwa pingu aliniuliza, "Ni wewe?" Nikasema ni mimi. Alinitemea mate, wakampandisha.

Gari lilipoondoka mama aliokota jiwe. Nilimwona akiliokota. Sikusogea, nalo likanipata juu ya jicho.