Mtutu wa Kushoto wa Kinyozi Ersilio

Katika bonde letu la Gardone, kaskazini mwa Italia, ukirusha jiwe litampata mtu wa bunduki. Huyu anatoboa mitutu, yule anachonga vitako, mwingine anachora kwale na mbwa kwenye chuma. Hata wajane walipelekewa vitako majumbani wavipake mafuta, huku sufuria ya polenta, ugali wa kwetu, ikitokota pembeni. Ersilio Bontacchi naye alikusudiwa kazi hiyo. Baba yake alimwingiza karakana angali kijana, na haukupita muda mikono yake ikajaa vipele kwa sababu ya mafuta ya mashine. Daktari akamkataza. Ersilio akawa kinyozi, na kinyongo cha kuikosa karakana hakikumtoka.

Alichoshindwa kukitengeneza akaanza kukikusanya. Mimi ni mteja wake tangu nikiwa na nywele za kutosha, kwa hiyo nilizijua bunduki zake moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa za mitutu miwili, za kale, mitutu imelala ubavu kwa ubavu. Aliyoipenda kuliko zote ilitoka katika karakana ndogo iliyokuwa juu ya kanisa, iliyofungwa kabla yeye hajazaliwa. Kitako chake kilikuwa cha mti wa jozi, cheusi kama kahawa, na ubavuni palichorwa kwale watatu wakiruka kutoka majanini.

Kisha alipotimiza miaka sitini, mkewe Noemi na binti yao Silvana wakachanga wakamnunulia bunduki mpya ya kiwandani, mtutu mmoja juu ya mwingine. Ersilio alishukuru kama mtu aliyepewa soksi.

"Shika hii," aliniambia siku moja, akaniwekea ile ya kale mikononi. "Sasa shika hii mpya. Unaona? Ile inapanda begani yenyewe. Hii mpaka uibebe kama mfuko wa saruji. Halafu tazama mti ulivyokutana na chuma kwenye ile ya kale. Hata unywele hauingii. Ule ni mkono wa mtu."

Gaudenzio, mwokaji mikate, alikuwa kwenye kiti akisubiri kunyolewa, povu limemjaa mashavuni. "Bwana Ersilio, hiyo ni bunduki au kabati la sebuleni? Mimi nauliza inapiga au haipigi."

"Inapiga kuliko yako."

"Basi Jumapili twende uwanja wa shabaha tukaone. Upige kwa hiyo bibi yako, kisha upige kwa hiyo mpya. Visahani vya udongo vikirushwa hewani havina upendeleo."

Ersilio alikubali kwa hasira, na wembe mkononi. Gaudenzio alinyamaza mpaka aliponyolewa shavu la pili.

Tabu ilianza kabla ya Jumapili. Bunduki ile ya kale ilitaka risasi fupi kuliko zinazouzwa siku hizi, na madukani hazikuwepo. Ersilio akakaa jikoni akizijaza mwenyewe, na kwa kuwa meza ilijaa baruti, Noemi akala chakula cha jioni amesimama.

Uwanjani, mlimani juu ya mji, alianza na ya kale. Visahani viwili vya kwanza vikavunjika vipande, naye akageuka kututazama. Cha tatu kiliruka, akavuta, mtutu wa kushoto ukatoa mlio mdogo tu, kama mtu anayealisha ulimi. Akangoja, mitutu imeelekea chini, kisha akafungua akatoa risasi. Pini ya bunduki ilikuwa imeigonga kidogo mno, baruti haikuwaka. Akaweka nyingine. Mtutu wa kulia ukalia vizuri. Wa kushoto ukatoa mlio ule ule mdogo.

"Mpelekee kahawa," Gaudenzio alisema. "Bado amelala huyo wa kushoto."

Watu walicheka. Ersilio alizidi kuharakisha, na alivyoharakisha ndivyo alivyokosa, hata kwa mtutu uliokuwa mzima. Mwishowe akachukua ile mpya, akapiga bila hata kujiweka sawa, kama mtu anayefukuza nzi. Kila kisahani kilichoruka kilipasuka. Watu wakampigia makofi, na makofi hayo yalimuudhi kuliko kicheko.

"Sikufanya lolote," alimwambia Noemi ndani ya gari. "Inapiga yenyewe. Kinyozi yeyote angepiga."

"Na wewe ndiye kinyozi yeyote, Baba Silvana."

Ersilio akawasha gari.

Wiki iliyofuata akaanza kutafuta wa kumtengenezea springi inayosukuma pini ya mtutu wa kushoto, maana ndiyo iliyokuwa dhaifu. Mzee Fermo, fundi aliyeziweza bunduki hizo zamani, alimwonyesha vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi. Fundi mwingine alisema aiache mpaka majira ya joto, na hata hapo hakuahidi kitu. Kwenye kiwanda kimoja kikubwa msichana wa mapokezi alimsikiliza kwa adabu, akasema wao hutengeneza za kwao tu. "Kama ingekuwa mpya ya kwetu," alimwambia, "tungekubadilishia springi ukingoja."

"Najua," Ersilio akasema. "Ndicho kinachoniudhi."

Basi akaamua kuifungua mwenyewe. Nilimkuta gereji, amevaa glavu za mpira, taa imeinamishwa mezani. Alikuwa ameondoa bamba la ubavuni, lile lenye kwale, na akaliweka kifudifudi.

"Njoo uone," alisema.

Ndani mlikuwa na mikwaruzo ya tupa ovyoovyo, kama ya mtu aliyekuwa akifukuzwa. Tundu moja lilitobolewa pembeni, likazibwa, likatobolewa upya. Ile springi ilikuwa nyembamba upande mmoja tangu siku ya kwanza. Nje nakshi, ndani hivyo.

Pembeni alikuwa ameifungua na ile mpya. Kila kitu ndani yake kilikuwa safi na laini, hata mahali ambapo hakuna atakayepaona.

"Miaka yote hii nawaambia watu, mkono wa mtu, mkono wa mtu," alisema. "Na mkono wenyewe ndio huu."

Noemi alikuja na kikombe, akatazama. "Labda siku hiyo mtoto wa fundi alikuwa mgonjwa."

"Basi angeacha kwale mmoja asichore, atengeneze springi."

Alianza kuchonga springi nyingine kwa tupa. Ya kwanza ilivunjika alipoipoza kwenye mafuta. Ya pili ilipinda kama jani. Glavu zilimkera akazivua, na vipele vya ujana vikarudi, wateja wakawa wanatazama mikono yake kwa mashaka ilipokaribia shingo zao. Silvana alimsihi aache. Hakuacha, wala hakufurahi. Nilimuuliza sasa ipi ni bora, akasema zote mbili zinamchosha. Ile mpya haina kosa la kulisema, na ile ya kale haina jingine ila makosa.

Ya tatu ilishika.

Oktoba tukapanda msituni juu ya kijiji jirani cha Marcheno kuwinda, Ersilio, Gaudenzio na mimi. Alichukua ile ya kale, na risasi zake fupi mfukoni. Karibu na mialoni mbwa akasimama, jogoo wa porini akaruka na makelele yake. Ersilio akainua. Mtutu wa kulia ukalia. Wa kushoto ukalia pia, safi, na mwangwi ukarudi kutoka upande wa pili. Ndege akaendelea na safari, hata unyoya haukuanguka. Gaudenzio akamlenga kwa bunduki yake, na ndege akaanguka kwenye kangaga.

Tulingoja Gaudenzio aseme neno. Hakusema. Alimwokota ndege, akamtia mfukoni, akaanza kushuka.

"Huyu hanyamazi mwaka mzima, halafu leo ndiyo aone haya," Ersilio alininong'oneza. Akafungua bunduki, akatoa maganda yote mawili, akalitazama la kushoto kwa muda. Lilikuwa limegongwa katikati barabara; safari hii kosa halikuwa la bunduki. Akayatupa yote mawili kwenye mkoba wa begani, akatukana chini kwa chini, akatufuata.